Kifua cha Mama wa Shaba

Nilimsifu Papa Kaumba mbele ya watu kabla sijajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo naliandika kwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi, kilioni kwake Katuba, chini ya turubai la bluu lililofungwa ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vimejaa parsela yote, ua mzima mpaka barabarani. Watoto wake waliniomba niseme neno, kwa kuwa katika wanafunzi wake wa zamani ni mimi peke yangu ambaye bado napiga shaba. Nikasimama, mwanamke mwenye wajukuu, nikashika mikrofoni, nikasema huyu mzee ndiye aliyenifundisha nyundo. Nikasema kule mji mkuu, kwenye bulvari kubwa, Mama wa Taifa, sanamu ya shaba, amesimama na urefu wake wa ghorofa tano, maharusi wanapiga picha miguuni pake, televisheni inafungua habari kwa sura yake, lakini sisi wa Katuba tunajua kilichomo ndani ya kifua chake: majina ya watoto wetu waliobaki mashimoni. Na aliyekubali majina hayo yaingie, nikasema, ni huyu aliyelala hapa. Watu walipiga makofi, kilioni! Mama Ngoie, ambaye mwanawe ni mmoja wa hao, alilia mpaka wakamletea maji.

Saa sita nilikuwa nyuma ya nyumba na Faustin, tunakula bukari, ugali wetu, na mboga ya sombe kwenye sahani moja kama zamani. Mimi na Faustin tulipiga shaba pamoja kwa Papa Kaumba mwaka ule wa Mama, na yeye ndiye aliyepanda ndege kwenda mji mkuu kusaidia kumsimamisha. Aliacha kula kabla hajashiba, akanawa mikono, akasema huku akiangalia ukuta:

"Kabanga, ile kifua haikufikaka kule."

"Kifua gani?"

"Ya Mama. Ile yenye majina. Haikutokaka hata mu hii parsela."

Nilimwuliza kama amekunywa. Akasema hapana, na nilijua ni kweli, kwa sababu Faustin akinywa anacheka, na siku hiyo hakuwa amecheka hata mara moja. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa na neno hilo. Tulikutana kwenye ndoa, kwenye ubatizo, kwenye foleni ya benki mjini, akaniuliza habari za watoto wangu, akacheka na mimi, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni muda wote. Nina hasira na sitaificha. Nimeandika ukurasa huu mara nne na kila mara kalamu imetoboa karatasi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Ndugu yangu Mbuyi alikuwa amefukiwa na udongo, yeye na wachimbaji wenzake, katika shimo moja upande wa barabara ya Likasi. Wakubwa hawakuwatoa. Walisema shimo ni refu na udongo bado unatembea, wakazungusha kamba, basi. Tulifanya kilio bila mwili, tumekaa mkekani tukiangalia picha yake ya shuleni. Sisi asili yetu ni Kasai, na asiyekuwa Mkasai lazima aelezwe jambo hapa: kwetu pacha anayetangulia anaitwa Mbuyi, anayefuata anaitwa Kabanga, na huwezi kuficha. Ukitaja tu jina lako, Mkasai yeyote, sokoni, kanisani, hata daktari na sindano yake mkononi, atakuuliza kwa furaha: "Na Mbuyi iko wapi?" Niliulizwa hivyo maisha yangu yote, nikazoea kuonyesha kwa kidole: yule pale, mwenye kofia. Baada ya shimo sikuwa na pa kuonyesha. Kungekuwa na kaburi, hata lenye msalaba wa mbao mbovu, ningesema yuko pale. Sikuwa na jibu, na nyumbani palikuwa kimya mno. Ndiyo maana nikaanza kusimama karibu na atolie ya Papa Kaumba, karakana yake ya shaba. Nilitaka kelele.

Na kelele zilikuwepo, yo! Nyundo nne, tano kwa pamoja, tangu asubuhi, chini ya bati lililorudisha kila pigo mara mbili. Mafundi walikaa kwenye vigoda vifupi, kila mmoja ana sinia la lami mbele yake na kipande cha shaba nyekundu kimeshikwa na lami hiyo kisiteleze. Papa Kaumba alikuwa mtu mfupi, koti lake la kazi halikuwa na hata kifungo kimoja, na alikuwa na tabia ya kunusa shaba kabla ya kuikata, kama mwanamke anayenusa samaki sokoni. Siku ya tatu alinikuta bado nimesimama langoni.

"Unaitwa nani, mama?"

"Kabanga."

Hakuwa Mkasai, lakini alikuwa amekaa na Wakasai miaka mingi. "Ah! Na Mbuyi?"

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nikalia. Hakuuliza tena. Alingoja nimalize, akaleta nyundo ndogo na kipande cha shaba kilichotupwa, akaviweka mapajani mwangu. "Piga," akasema. "Ukichoka, pumuzika. Hapa hakuna muntu atakuuliza kintu." Nilipiga mpaka jioni. Kesho yake nikarudi. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu litaifanya habari yangu iwe ngumu zaidi: mtu huyo aliniokoa. Aliyenidanganya na aliyeniokoa ni mtu mmoja, na siwezi kumkata vipande viwili ili nimchukie mmoja tu.

Kazi yenyewe inaanzia nyuma. Unalaza bamba kwenye lami, mgongo wake ukiwa juu, unapiga ili umbo litokeze upande wa pili. Halafu unaligeuza, unasafisha mbele kwa patasi na nyundo nyepesi. Shaba ikipigwa sana inakuwa ngumu, inataka kupasuka, ni lazima uirudishe motoni iwe nyekundu, ndipo inalegea tena. Nilijifunza hayo kwa wiki mbili, na mengine yalinichukua miaka. Na kulikuwa na desturi ya nyumba ile. Kabla ya kufunga kitu chochote chenye ndani, chombo cha maua, sanduku, taa, aliyekipiga alichukua sindano nene akakwaruza jina lake upande wa ndani, kidogokidogo, mahali ambapo hakuna atakayeona. "Mbele ni ya mwenye kuinunua," Papa Kaumba alikuwa anasema. "Ndani ni yetu." Sindano, si patasi, ukipiga herufi kwa patasi zinatokea upande wa mbele zimegeuka, na bamba limeharibika.

Mwezi wa tano ikaja kazi ya Mama. Mifupa yake ya chuma ilitengenezwa kwingine, na ngozi yake ya shaba iligawiwa kwa atolie mbalimbali. Sisi tulipewa mikono miwili na kifua. Jamani, kifua kile! Kilikuwa kikubwa kuliko atolie, na hatukutaka kukiacha uani watu wakitie mikono. Papa Kaumba akatoa makochi sebuleni kwa mkewe, Mama Julienne, akatoa kabati la vyombo, akatoa hata picha ya Moyo Mtakatifu ukutani ili nyundo zisiiangushe, na kifua cha Mama wa Taifa kikalala pale kwenye saruji, kimeegemea magogo. Tulikula chakula cha mchana tumekizunguka. Mama Julienne alipita na sufuria ya bukari juu ya kichwa changu, akiruka vitambaa na makopo ya lami, na hakuacha kulalamika. "Huyu bibi anakula fasi yote mu nyumba yangu," alisema. "Hapiki, hafagie, hata mutoto hana. Papa Kaumba, siku gani ulileta bibi wa pili?" Mafundi walicheka mpaka kapenta, dagaa zetu za mboga, zikaanguka kwenye shaba, na mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu angalau hasemi sana. Tuliishi hivyo miezi minne. Sijawahi kucheka kama nilivyocheka mwaka ule, nikiwa na maombolezo ya pacha wangu bado shingoni.

Siku moja wakati wa kula nilimwomba Papa Kaumba kitu. Nilimwambia zamu yangu ya sindano ikifika sitaandika Kabanga, nitaandika Mbuyi. Akaacha kutafuna. "Fasi gani?" akauliza. Nikamwonyesha upande wa kushoto, pale moyo wa mtu unapokaa. Akaangalia pale, akaniangalia mimi. "Andika," akasema. "Akae pale. Atakuwa na kaburi refu kuliko la rais." Niliingia ndani ya kifua kwa tumbo, na tochi, nikaandika jina la ndugu yangu herufi kwa herufi. Nilipotoka niliweza kula. Mama Ngoie, aliyekuwa akiuza mikate kwenye lango letu, alisikia mafundi wakiongea. Mwanawe Jean alikuwa amekwenda na shimo lile lile. Aliacha beseni lake langoni, akaingia mpaka sebuleni, akapiga magoti mbele ya Papa Kaumba, mwanamke mwenye umri wake.

"Na wangu, papa. Jean. Ni jina fupi, haitakula fasi."

Papa Kaumba alimwinua. Wiki hiyo wakaja akina mama wengine, kutoka Katuba yetu, kutoka Annexe, mmoja alitembea kutoka mbali na mtoto mgongoni. Walikaa uani wakingoja zamu, na mimi nikiwa ndani ya shaba niliwasikia wakizungumza. Hawakuzungumza juu ya vifo. Walisema wangu alikuwa anapenda maharage, wangu alikuwa mvivu wa kuoga, wangu alinidanganya anakwenda masomo kumbe anakwenda kwenye mashimo. Majina thelathini na saba niliyaandika kwa mkono huu. Kila mama aliingia kuhakikisha. Wasiojua kusoma niliwashika kidole nikakipitisha juu ya jina. Mama Ngoie alikwangua la Jean kwa ukucha na kuuliza, "Haitatoka?" Nikamwambia mama, hii ni shaba, hii haitatoka hata wajukuu wa wajukuu wafe. Mimi ndiye niliyesema. Hakunilazimisha mtu.

Mwezi wa tisa walikuja wakaguzi kutoka mji mkuu, mabwana wawili na bibi mmoja mwenye viatu vya kisigino ambavyo vilikwama kwenye lami yetu. Niliwaletea vinywaji. Mmoja wa mabwana aliinama, akaingiza kichwa na tochi yake ndani ya kifua, akakaa humo kitambo. Nilipokuwa nimesharudi jikoni kwa Mama Julienne niliwasikia wakiongea Kifaransa cha haraka, kisha sauti ya Papa Kaumba, nyembamba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ndiyo, patron. Ndiyo, patron. Itatengenezwa." Nilidhani wanaongelea bega, kwa sababu bega lilikuwa na mkunjo. Mama Julienne alikuwa anakoroga sombe, na yeye pia alisikia, na aliacha kukoroga. Leo nakumbuka kwamba aliacha kukoroga.

Siku mbili baadaye shangazi wa Mama Julienne akafa Kipushi. Hilo lilikuwa kweli, nimehakikisha. Papa Kaumba akasema mkewe asiende peke yake, Kabanga amsindikize, akae naye hadi mwisho wa kilio. "Wewe unajua kulia na bantu," akaniambia, na mimi nikaona ameniheshimu. Tulikaa wiki nzima. Tuliporudi sebule ilikuwa na makochi yake, kabati limerudi, Moyo Mtakatifu umerudi ukutani, na uani yamesimama makasha ya mbao yamepigwa misumari na kuandikwa kwa rangi nyeusi. Nikauliza kifua kiko wapi. Papa Kaumba akaweka mkono juu ya kasha kubwa.

"Iko mu hii. Tuliifunga jana."

"Bila mimi kuaga?"

"Nilikuagia. Niliingiza kichwa, nikamwambia Mbuyi: dada yako iko kwenye kilio, anakusalimia." Akaniangalia usoni aliposema hivyo. Hakupepesa.

Nililia, nikabusu mbao zile. Lori lilipokuja, akina mama wote walitoka na vitenge vyao vizuri, wakaimba njia nzima hadi kwenye barabara kubwa ya lami, na Mama Ngoie alitembea ubavuni mwa lori ameegemeza kiganja kwenye kasha. Faustin alikuwa amekaa juu ya makasha. Alituona tukiimba. Nilimpungia mkono naye akanipungia.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kazi ndogondogo, zile za kuuzia wageni mbele ya posta: mnazi, jua, mtumbwi, unajua. Papa Kaumba alinipa vipande vya mraba, na ajabu ni kwamba safari hiyo aliviweka kwenye lami yeye mwenyewe. Kila asubuhi nilikuta masinia yangu tayari, shaba imeshabandikwa, uso juu, mgongo umezama kwenye lami. "Leo fanya kazi ya mbele tu," alisema. "Nyuma nilishamaliza." Jioni alivibandua mwenyewe, akavipeleka kwingine. Nilidhani ni huruma. Nilidhani mzee ameona nimechoka na safari na kilio, ananipunguzia. Hata nilimwambia Mama Julienne kwamba baba mzazi asingenifanyia hivyo, naye akageuka akaenda kuchota maji. Na shaba ile ilikuwa ngumu! Ilikuwa imeshapigwa kabla, niliisikia mkononi, haikutaka kuingia. Nikamwambia, "Papa, hii shaba ilichoka, irudi ku moto." Akasema hapana, hakuna makala, mkaa umekwisha, ongeza nguvu. Basi nikaongeza. Nilichukua nyundo nzito, nikapiga minazi ile kwa nguvu zangu zote mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Nilikuwa kijana, nilikuwa na furaha, ndugu yangu alikuwa na kaburi. Nilipiga huku nikiimba.

Halafu maisha yakaenda. Mama wa Taifa alisimamishwa, tukamwona kwenye televisheni ya jirani, na tangu mwaka ule kila sikukuu ya uhuru akina mama walikuja kwangu. Hakuna aliyepanga, ilianza na Mama Ngoie ikawa desturi. Walivaa kitenge kimoja, waliketi sebuleni kwangu, wakavumilia gwaride na hotuba, na kamera ilipopanda juu ya Mama tangu miguuni hadi usoni, walisimama wote. Ilipopita kifuani kila mmoja alitaja jina la mwanawe kwa sauti, halafu wakakaa, tukala. Mwaka mmoja umeme ulikatika. Tukawasha redio ya betri, na mtangazaji aliposema sasa yuko mbele ya Mama wa Taifa, wakasimama mbele ya redio. Na mimi, Mkasai yeyote aliponiuliza Mbuyi iko wapi, nilikuwa na jibu. Nilisema iko ku mji mkuu, bwana, ana kazi kubwa kule, bantu wote banamupigia saluti. Wakacheka, nikacheka. Miaka ishirini na sita.

Pale nyuma ya nyumba, na bukari ikipoa, Faustin alinieleza yote. Yule bwana wa tochi alisema monima ya taifa, mnara wa kumbukumbu, si makaburi, na kwamba kama majina hayo yatajulikana watu watauliza nani aliwaua hao. Akataka kifua kingine, safi. Wakakipiga kipya kwa siku sita, Papa Kaumba, yeye, na mafundi wengine waliokwisha kufa, bila kulala.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Alisema utakufa. Alisema: ule mutoto, tukimunyang'anya Mbuyi mara ya pili, atakufa. Alitulapisha kwa jina la Mungu."

"Na wewe ukalapa."

"Nilikuwa na woga, Kabanga. Nyuma yake, kila mwaka mudomo ilikuwa muzito zaidi kusema. Unaelewa?"

"Sielewi. Na ile ya zamani? Kifua yetu, muliipeleka wapi?"

Faustin akaisogeza sahani pembeni. Kutoka mbele ya nyumba tulisikia kwaya ikianza wimbo mwingine.

"Shaba ilikuwa haba," akasema mwishowe. "Tulikata."

"Mulikata ginsi gani?"

"Carré, carré. Vipande vya mraba."

Sikumwuliza zaidi. Nikayakumbuka masinia yangu ya asubuhi, shaba imeshabandikwa. Kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuniuma palepale, na sitanii. Ndugu yangu niliyemwandika kwa sindano, nilimzamisha kwenye lami nikampiga minazi mgongoni, na sasa ananing'inia kwenye sebule ya mtu fulani, Ubelgiji, Afrika Kusini, sijui, amegeuziwa ukutani. Wote thelathini na saba, wamekatwa katikati ya majina. Nilisimama nikapita mbele, watu wakanipisha kwa heshima kwa ajili ya hotuba yangu nzuri. Mama Julienne alikuwa kwenye godoro lake la ujane, amezungukwa na dada zake. Alinyanyua macho akaniona, na nadhani aliona kwamba najua. Sikumwuliza kama alijua tangu jikoni. Mtu hamwulizi mjane siku ya kilio. Lakini sijamwuliza hadi leo, na ninapita mbele ya nyumba hiyo kila Jumapili.

Wiki mbili baadaye ilikuwa sikukuu ya uhuru. Nilitamani mvua, ingawa ni kiangazi. Nilitamani umeme ukatike mji mzima. Katika akina mama wale wamebaki watatu wanaoweza kutembea, na walikuja asubuhi na vitenge vyao, Mama Ngoie katikati, mwili umekuwa mdogo, sauti ileile ya kuuza mikate. Wiki zote mbili nilikuwa nimejisemesha peke yangu. Ukiwaambia, unawazika watoto wao mara ya pili. Usipowaambia, wewe ni Papa Kaumba. Na nilikuwa nimemlaani Papa Kaumba usiku na mchana, nimeitoa hata picha yake kwenye simu yangu. Kabla gwaride halijaanza nilizima televisheni.

Nikawaambia. Nilisimama kama siku ya mikrofoni, ila sasa nilishika kiti. Niliwaambia habari ya yule bwana, ya kifua kipya, ya safari ya Kipushi, ya kasha tulilolibusu. Niliwaambia kifua chetu kilikatwa vipande, vikachorwa minazi, vikauzwa kwa wageni. Mmoja wa wale watatu akauliza, "Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunasimamia nani?" Akajifunika uso kwa kitenge, akatoka, na mwenzake akamfuata. Niliwasikia wakienda barabarani, mmoja anapiga kelele na mwingine anamnyamazisha. Mama Ngoie alibaki. Alikuwa anaangalia kioo cheusi cha televisheni.

"Ile vipande," akasema. "Nani alipiga miti juu yake?"

Hapo nilikuwa na njia. Papa Kaumba yuko ardhini, angebeba na hilo pia. Faustin ni fundi wa kunyamaza. Hakuna mtu duniani ambaye angenisuta.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Sikujua. Lakini ni mimi."

Aligeuka akaniangalia, kwanza uso, halafu mikono. Aliangalia mikono yangu kwa muda mrefu. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, ningepiga magoti nimsikilize mpaka amalize. Alinyoosha mkono, akashika kidole changu kimoja, kama nilivyomshika chake ndani ya shaba alipotaka kuliona jina la mwanawe.

"Ulimupiga na nguvu?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Polepole."

"Polepole?"

"Polepole sana." Nilimtazama machoni niliposema hivyo, wala sikupepesa.

Akaniachia kidole. "Aksanti, mwanangu," akasema.